Baridi ya chini: usiku wa kwanza wa mtoto wa miezi 22 hemani, Lushoto

Saa tisa usiku, mwezi wa saba, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mtoto wa miezi 22 ana saa nzima analia. Akinyamaza ni kwa dakika mbili tatu za kuvuta pumzi, kisha anaanza upya. Amekataa kunyonya, amekataa maji, amekataa kubebwa na baba yake, na ukimlaza anajipinda kama anayekimbia kitu. Hatua tatu kutoka mlango wa hema kuna jiko la mkaa tulilopikia chakula cha usiku, makaa yake bado mekundu chini ya majivu. Mume wangu ameliinua kwa mkono mmoja. Mkono mwingine umeshika zipu ya hema.

Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo safari yetu ilipokaribia kuwa msiba. Makosa yaliyotufikisha saa tisa ile, hata hivyo, yalianza asubuhi, Dar es Salaam, na mengi yalikuwa madogo kiasi kwamba hakuna aliyeyaona kuwa ni makosa.

Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu, na mdogo wangu wa kike. Hakuna kati yetu aliyewahi kulala hemani na mtoto. Vifaa tulikuwa navyo. Hema la watu wanne lenye turubai la juu, godoro la upepo na pampu yake, mablanketi mawili, tochi, jiko, maji, dawa, poti. Kama safari ingekuwa ni kuhesabu vitu, tungefaulu. Tusichokuwa nacho ni kuijua baridi. Binti yetu amezaliwa Dar na amelala maisha yake yote kwa fulana na nepi, feni ikizunguka juu yake. Usiku wa Julai Dar joto hushuka mpaka nyuzi 20 hivi, nasi huona ni kipupwe kizuri. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi kama sita. Piga hesabu: ile 20 ya Dar inakuwa 11 au 12. Baridi hiyohiyo ndiyo iliyowavuta Wajerumani wajenge huko na kupaita Wilhelmstal. Sisi tulijua kuna baridi kama mtu anavyojua kwamba mbali kuna mlima. Hatukukaa chini kuipigia hesabu.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri tukaondoka saa mbili. Foleni, mafuta, begi lililosahaulika, mambo ya kawaida. Chalinze, Segera, Korogwe tukala. Tulifika Mombo, chini ya milima, saa kumi jioni, ndipo tukaanza kupanda. Barabara ile ina kona juu ya kona, kilomita zaidi ya 30 kupitia Soni, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Nilikuwa nimejiandaa kwa matapishi ya mtoto, mfuko mkononi. Aliyetapika ni mdogo wangu, mara mbili. Mtoto alilala. Baadaye nilielewa kwamba watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa na safari, na kule kuyumba kwa gari kunawabembeleza. Alilala kuanzia kona za kwanza mpaka tunazima injini, karibu saa kumi na mbili. Nilifurahi, nikasema amepumzika.

Hapo ndipo usiku ulipoharibika, kabla haujaingia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, ule wa mchana ukiwemo. Wetu alikuwa amelala kidogo Segera na sasa karibu saa mbili tena, jua likizama. Amefika mahali papya, giza linaingia, mwili wake unamwambia ni asubuhi. Alicheza kuzunguka moto mpaka saa nne kasoro. Akakimbia, akacheka, akajaribu kumfukuza paka wa wenyeji wetu. Akatoka jasho. Kosa la pili lilikuwa langu: nikampeleka kulala na fulana ileile ya pamba, nikamwongezea sweta zito juu. Nilidhani nimemfunika vizuri. Kumbe nilikuwa nimemvalisha kitambaa kibichi. Maji huchukua joto la mwili haraka kuliko hewa, takribani mara 25, na pamba ikishalowa huyashikilia mpaka asubuhi.

Kosa la tatu ni mahali pa hema. Tulilisimamisha kwa tochi, haraka, mtoto mikononi, tukachagua sehemu tambarare chini ya bustani kwa kuwa ilikuwa karibu na gari. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka kuelekea bondeni kama maji. Pale chini ndipo ilipokuwa inakusanyika, pamoja na umande. Mtu aliyefika mchana angeiona nyasi ya pale ilivyo mbichi na kijani kuliko ya juu. Usiku nyasi zote ni nyeusi.

Alilala saa nne. Aliamka saa saba na nusu, akarudi. Saa nane kamili akaamka na kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Hapa niseme jinsi tulivyosoma dalili vibaya, maana nadhani wazazi wengi wangesoma vilevile. Karibu na kambi kuna msitu, na msituni kuna perere. Mnyama mdogo, hazidi ukubwa wa sungura, lakini usiku hutoa sauti inayoanza kama mlango wenye kutu na kuishia kama mtu anayenyongwa. Perere alipolia, sote watatu tulishtuka. Tukakubaliana papo hapo: mtoto ameogopa mnyama. Basi tukaanza kutibu hofu. Tukawasha tochi, tukaimba, mume wangu akamtoa nje amwonyeshe kwamba hakuna kitu, kwenye nyuzi 11, akiwa na ile fulana mbichi. Perere alikuwa ameanza kulia baada ya mtoto, si kabla. Mdogo wangu ndiye aliyelikumbuka hilo asubuhi. Usiku ule tulikuwa tumeshapata mshtakiwa na hatukutafuta mwingine.

Baadaye tukadhani njaa. Kisha tumbo. Kisha malaria, neno ambalo kwa mzazi wa Dar haliko mbali kamwe. Nikampima: nyuzi 36.2. Nilimshika mikono, ikawa baridi, nikasema labda ni baridi kidogo, nikaongeza blanketi juu. Akalipiga teke. Nikaongeza tena.

Ndipo mume wangu akakumbuka maneno ya mama yake. Mama mkwe wangu ni mtu wa Makete, amekulia kwenye baridi kali kuliko ya Lushoto, na siku tunamuaga alikuwa amechukizwa na safari nzima. Mjukuu wake analalaje nje na nyumba zipo? Lakini alipoona tumeshaamua, alitupa alichonacho. “Baridi ikizidi, ingizeni jiko ndani kidogo. Mkaa ulioiva, usio na moshi.” Alisema kwa upendo, na kwa uzoefu wa mtu aliyelea watoto sita.

Mkaa ulioiva usio na moshi. Maneno hayo matano yanahitaji kufunguliwa. Moshi unakukohoza, unakutoa machozi, unakulazimisha kufungua dirisha. Mkaa ukishakuwa mwekundu moshi unaisha, lakini gesi ya kaboni monoksaidi haiishi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia mapafuni hung’ang’ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na oksijeni inakosa nafasi ya kubebwa. Mtu mzima aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Aliyelala anazidi kulala. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko sisi, hivyo gesi humwingia mapema zaidi, na hana maneno ya kusema kichwa kinauma. Hema letu ni la nailoni, zipu imefungwa kwa ajili ya baridi, turubai la juu limelowa umande na limeziba zaidi. Ni chumba kidogo kuliko bafu la nyumbani, kina watu wanne wanaopumua.

Kinachonitisha mpaka leo ni hiki. Kama jiko lingeingia, mtoto angenyamaza. Sisi tungeangaliana gizani na kusema limesaidia.

Lililotuokoa si elimu. Mume wangu ni mtu makini, na mimi nimesoma habari za majiko vyumbani mara nyingi. Saa tisa usiku, baada ya saa nzima ya kilio, akili inatafuta kitu kimoja tu cha kufanya. Lililotuokoa ni mlinzi wa kambi, mzee wa Kisambaa, aliyekuwa anapita na tochi yake.

“Hodi humo.”

“Karibu mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Mtoto vipi?”

Mume wangu akasema baridi, tunataka kumpashia kidogo. Mzee akaelekeza tochi kwenye jiko, si usoni kwake. “Hilo haliingii humo, mwanangu. Liweke chini.” Hakupandisha sauti. Mume wangu akaliweka. Kisha mzee akaniambia, “Mama, tia mkono chini ya mtoto. Si juu, chini.”

Nikapitisha kiganja kati ya mgongo wake na godoro. Lilikuwa baridi kama sinia lililolala nje.

“Baridi yenu inatoka chini,” akasema. “Juu mnamfunika bure.”

Godoro la upepo ni jema kwa mgongo wa mtu mzima sebuleni. Kwenye ardhi baridi ni adui, kwa sababu ndani yake hakuna kitu ila hewa iliyo huru kuzunguka. Hewa iliyogusa mwili inapata joto, inazunguka, inagusa upande wa ardhi, inaliacha joto pale na kurudi baridi. Usiku kucha lilikuwa linamnyonya joto. Sponji, nyasi kavu na blanketi vinashikilia hewa katika vijitundu vidogo isizunguke, na ndiyo maana vinapasha. Na mtoto mdogo ana ngozi nyingi kwa uzito wake kuliko sisi, hivyo anapoteza joto haraka, na akiwa macho hajui kujikunyata vizuri wala kuvuta blanketi alilolipiga teke. Mablanketi mawili niliyomrundikia juu yangefaa zaidi yakiwa chini.

Tulichofanya kuanzia pale kilichukua kama dakika kumi. Tulitoa upepo kwenye godoro likawa turubai tu. Juu yake tukatandika kila kitu kilichokuwa kikavu: mabegi matupu, suruali, taulo, kitenge changu na cha mdogo wangu, kisha blanketi moja. Nilimvua mtoto vyote. Fulana ilikuwa mbichi mgongoni, shingo yake ya nyuma baridi na yenye unyevu. Nilimfuta, nikampa nepi mpya, nikamlaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, blanketi la pili juu yetu sote na kichwa chake kikiwa nje, kofia kichwani. Mzee alileta maji ya moto ya chupa ya chai, tukamnywesha mtoto uji mwepesi. Alilalamika kidogo. Saa kumi na dakika ishirini alikuwa amelala, na mimi nikalia kimyakimya, nikimsikiliza perere na sasa namwona mnyama tu.

Kuna mambo mawili ya kitabibu ambayo ningependa kuyajua kabla ya saa tisa. La kwanza, mikono na miguu ya mtoto mdogo huwa baridi hata akiwa salama. Pa kupima ni shingo ya nyuma, kifua na tumbo. La pili, mtoto anayelia na kutetemeka kwa baridi bado anajipigania. Wa kuogopewa ni yule anayelegea, anayesinzia ovyo, asiyetaka hata kulia, tumbo likiwa baridi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni safari ya hospitali. Na niweke mpaka: haya ya blanketi na kulala kifuani nayasema kwa mtoto wa umri wa wetu. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, blanketi zito na kulala mwili mmoja na mzazi aliyechoka ni hatari ya kukosa hewa. Kwa maoni yangu mtoto wa miezi sita hana sababu ya kulala hemani milimani mwezi wa saba.

Je, tungeondoka? Mume wangu alitaka, tuteremke Mombo ambako kuna joto. Nilikataa na bado naona nilikuwa sahihi. Kona zile, ukungu, dereva ambaye hajalala. Kukaa ndani ya gari na injini ikiwaka, wazo la mdogo wangu, ni jiko lilelile kwa sura nyingine. Chumba cha wenyeji tungeweza kuomba, na kama asingetulia kufikia saa kumi na moja ningegonga mlango. Ningegonga mapema zaidi safari nyingine. Tuliona haya kuwaamsha watu kwa sababu ya mtoto, na haya hiyo haikuwa na maana yoyote.

Asubuhi tulikuwa na uamuzi: kurudi nyumbani au kulala usiku wa pili. Tulibaki, na usiku wa pili ndio ushahidi wangu kwamba tatizo halikuwa mtoto wala hema. Tuliamka tukamkuta mzee ameshachagua mahali, juu ya bustani, nyuma ya ua wa miti unaozuia upepo, penye udongo mkavu. Yeye na mume wangu walileta nyasi kavu wakatandaza unene wa kiganja, turubai juu yake, kisha hema. Wenyeji walituazima godoro la sponji. Mjini, kwenye mitumba, nilipata sweta la sufu, soksi mbili ndefu na ile nguo ya kulalia ya kipande kimoja inayofunika mpaka miguu, ambayo Dar sikuwahi kuona kazi yake. Tuliacha matundu ya juu ya hema wazi, jambo ambalo linaonekana kinyume. Pumzi ya watu wanne ni maji, na ukiziba kila tundu maji hayo hugeuka matone ndani ya turubai na kukudondokea alfajiri.

Mchana alilala saa saba hadi saa nane na nusu, kivulini, nikamwamsha mwenyewe ingawa iliniuma. Saa kumi na mbili alioga maji ya vuguvugu na kukaushwa vizuri kabla jua halijapotea. Chakula kilikuwa viazi, karoti na maharage laini, chenye mafuta ya kutosha kwa sababu mwili unaopambana na baridi unahitaji kuni. Baada ya kula hakuna kukimbia. Hadithi, kifuani, mbali na moto. Na mdogo wangu akawa na wazo ambalo nalisifu mpaka leo: alikuwa na sauti ya feni kwenye simu. Mtoto wa Dar hajawahi kulala kimya. Tuliiweka chini chini. Saa mbili na robo alikuwa amelala. Aliamka mara moja, akanyonya, akalala mpaka jua.

Mengine yalikwenda vizuri na sitayakalia. Kamba za hema tulizifunga vipande vya kitambaa cheupe ili asijikwae. Moto tuliuzungushia mawe hatua mbili nje yake, na mtu mmoja mwenye jina, si “sote”, ndiye aliyekuwa zamu ya kumwangalia mtoto wakati moto ukiwaka. Maji tulichemsha. Chandarua cha hema kilifungwa tangu jioni, maana Lushoto mbu ni wachache lakini tulipita Mombo, na nyumbani wapo. Malaria huchukua angalau siku saba tangu kuumwa na mbu hadi homa, kwa hiyo kama angepata homa palepale Lushoto chanzo kingekuwa Dar. Tulijiwekea kwamba homa yoyote katika wiki zinazofuata ni kipimo kwanza, si dawa kwanza. Haikuja.

Tuliporudi tulimpelekea mama mkwe karoti na kabichi. Mume wangu alitaka tusimwambie habari ya jiko, asije kujiona mkosaji. Niliona lazima aambiwe, kwa kuwa ana wajukuu wengine na ushauri wake unasikilizwa. Nilimweleza polepole, pamoja na ile gesi. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kumenya karoti.

“Sisi jiko lilikuwa linatolewa nje kabla ya kulala,” akasema. “Linapasha nyumba, mlango wazi, paa la nyasi, halafu linatoka. Ndipo watu wanalala.”

“Mama, hilo la kulitoa hukutuambia.”

“Sikujua kama kuna mtu asiyelijua.”

Jioni ile aliwapigia simu wifi zangu wawili, mmoja Njombe na mmoja Mbeya, na nilimsikia akiwaambia lote, kuanzia kuingia kwa jiko hadi kutoka kwake, na kwamba hemani haliingii kabisa.